Kahawa Isiyoonjwa

Muleba, 4 Machi

Mwanangu Hellen,

Habari za Kitendaguro? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baba yako anasema hajambo, anadanganya. Kidonda chake cha mguu, na sukari ile, hakijafungwa tangu manesi wagome. Wodini tumebaki wagonjwa, sisi tunaouguza, na nzi. Kisha nasikia katibu wa mgomo huko Bukoba ni wewe! Nimebisha, lakini moyo unakataa kutulia. Ni kweli?

Simu nimeizima, hapa kila kitanda kina masikio. Jibu lako mpe Twaibu wa basi alilete. Matapeli wanaojiita waganga wamejaa. Simwamini mtu.

Mama yako,
Celina

Bukoba, 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Poleni sana na kuuguza. Ni kweli, mama. Posho za zamu tumezidai mpaka tumechoka. Nikitoka kwenye mazungumzo sasa, wenzangu watasema nimenunuliwa.

Ila baba sijamtupa. Kesho atakuja Georgina, nesi mwenzangu, mtu wa Songea. Hatavaa sare, waliogoma wasimjue. Nimempa akamwani, kahawa ya kutafuna uliyoikausha mwenyewe, akupe ujue katoka kwangu. Mwache afunge kidonda.

Mwanao,
Hellen

Muleba, 8 Machi

Hellen,

U mzima? Jibu lako sijaliona. Jana kaja mwanamke hana sare, ananong'ona, mkasi kwenye kikapu. Akanipa kahawa, yeye hakutafuna! Nimekulea unajua: kwetu anayetoa kahawa hutangulia kutafuna, ndipo mwenzake aamini hamna sumu. Nilipomuuliza mbona hatafuni, akacheka. Nikapiga yowe, mlinzi akamtoa. Alikuwa analitaja jina lako, washenzi hawa wameshalijua hata jina lako!

Baba yako ana homa kali, lakini nimemwambia nimemwokoa.

Mama yako

Muleba, 15 Machi

Hellen,

Habari za huko? Za hapa si nzuri. Mgomo umekwisha, madaktari wamerudi, na jana wamemkata baba yako mguu juu ya goti. Leo Twaibu kaniletea barua yako, alikuwa ameisahau chini ya kiti.

Nimelia, mwanangu. Nimejilaumu, kisha nikakulaumu na wewe.

Kahawa ile niliitupa uvunguni. Nimeikuta, nani angefagia? Nimetafuna punje moja, ni ya kwetu kweli. Zilizobaki nampelekea Georgina, mwambie safari hii nimetangulia mimi.

Ya kwako sijaweka. Njoo uichukue mwenyewe, baba yako anauliza uko wapi.

Mama yako,
Celina