Samaki Waliopandiwa Ua

Jumanne, 4 Machi
Jike wa mwisho wa samaki wangu amekufa. Nimemkuta amelala upande, nikafungua saluni kama kawaida. Mteja wa kwanza, nikiwa namnyoa, akauliza yule dume wa buluu mbona anajibanza pembeni ya tangi. Nikamwambia amefiwa. Akauliza kama ni wa kula. Samaki mzima hajai kijiko cha chai!

Bado mayai ninayo. Yako stoo nyumbani, kwenye mfuko wa mkate, ndani ya udongo mbichi wa majani. Samaki hawa hutaga matopeni; kijito kikikauka, mayai hungoja mvua hivyo hivyo. Jumapili nayatia maji, yaanguliwe. Wengine sipati tena – kile kijito cha msituni kimefukiwa kwa kifusi cha barabara.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amefika. Atakaa kidogo, anasema. Mabegi matatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mfuko haupo!

Mama mkwe amefagia stoo. Nikaulizia kwa mbali, kwa adabu zote, habari za udongo fulani. Akafurahi. "Ule mzuri ule! Nimepandia ua." Akanionyesha chungu barazani. Eti nyumba yetu ilikuwa haina hata jani, mwanangu.

Nikasema ahsante mama. Ahsante! Roho inaniuma mpaka sasa.

Jumamosi, 8 Machi
Ua la mama mkwe siwezi kuling'oa. Mke wangu kasema nikamweleze mwenyewe, yeye hayumo. Na mama analimwagilia asubuhi na jioni – wakianguliwa mle, maji hayatuami, watakauka wote. Nimezungukazunguka chungu. Mama kamwambia jirani mkwewe anapenda maua. Jirani kaniletea mche.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kashindwa kuvumilia, kamweleza mama yote tukiwa mezani. Nikaikodolea macho sahani. Mama mkwe akauliza: samaki, kwenye udongo? Ndiyo mama, mayai. Akauliza kama huwa napata usingizi wa kutosha. Kisha akainuka, chakula hakumaliza. Nikajua anakwenda kufunga mabegi.

Karudi na beseni. Ua kaling'oa mwenyewe, udongo wote kautia humo, kamiminia maji ya mvua, kavuta kigoda.

Tupo hapa barazani, naandikia gotini. Chakula kimepoa. Mama anasema kuna kitu kimecheza. Nimemwambia ni jani tu, mama. Kanishika mkono, kainamia beseni.

"Hebu nyamaza, mkwe. Jani gani lina macho?"