Mlima Ulio Chini ya Nyumba Yetu

Woolwich, London
11 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila kazi hii ya kutunza wazee inanimaliza. Ikifika Ijumaa mwili wote unalia.

Nina jambo. Nimejiunga na kikundi cha kupanda milima. Kiongozi wetu ni Mama Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Februari anatupeleka Scotland kupanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika nchi hii.

Baba, nimeusoma mpaka nimeupenda. Zamani sana ulikuwa volkano kama wetu, ikabomokea ndani. Mkono wa bahari unafika hapo chini, kwa hiyo unaanza kupanda karibu kabisa na maji ya chumvi. Kaskazini ni ukuta wa mawe, mita mia saba hivi. Mwaka 1883 walijenga kituo cha hali ya hewa kileleni, watu wakaishi huko miaka ishirini na moja wakipima upepo na baridi kila saa. Kila saa, baba, mchana na usiku!

Kinachonitisha ni theluji. Upepo huizoa kutoka kwenye uwanda wa juu, ukairundika upande wa pili, kisha siku moja inaporomoka yote kwa pamoja. Watu wamefia humo. Wewe umeongoza wageni Mlima Kenya miaka thelathini na moja. Niende, nisiende? Neno lako nitalifuata.

Mwanao,
Makena

Chogoria
14 Januari

Makena mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanung'unika kama mwenyewe. Ng'ombe amezaa ndama jike, mzuri ajabu.

Huo mlima wako, Mwiti wa lango la hifadhi ameutafuta kwenye simu yake: mita 1,345. Nilicheka mpaka chai ikanipalia! Nyumba hii ninayokuandikia iko juu kuliko hapo. Asubuhi nikienda kukamua, nimeshaupita mlima mkubwa wa Waingereza. Nimewahadithia wapagazi, na sasa wanauliza kama huko watu hukodisha mpagazi wa kupanda ngazi za nyumba.

Hicho ni kilima, binti yangu. Kipande hata na malapa ukitaka. Lakini likizo yako unaipotezea kilima kwa nini? Kaa London upumzike. Hayo ya theluji ni vitisho vya watu wasio na shughuli.

Baba yako

Woolwich
12 Februari

Baba,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Barua yako nimewasomea wenzangu kazini, wamecheka mpaka machozi, na hofu yangu imekwisha kabisa. Jumamosi Mama Balwinder alituita kwenye mafunzo ya theluji. Sikwenda, nikachukua shifti. Mtoto wako wewe Naftali afundishwe kupanda kilima? Kesho kutwa tunapanda treni. Picha ya kileleni utaipata.

Mwanao,
Makena

Chogoria
22 Februari

Makena,

Hujambo, mama? Leo ni siku ya nane. Nikipiga, simu haiingii. Nijibu hata neno moja. Chakula hakipiti.

Baba

Woolwich
24 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana. Niko hai. Simu yangu imebaki kwenye theluji, hii ni mpya, na nachapa kwa kidole kimoja cha kushoto. Mkono wa kulia umevunjika.

Tulianza alfajiri. Baba, ule mlima! Ukuta mweusi ulitokea kwenye mawingu, nikasahau hata kupumua. Mimi niliyelelewa chini ya kilele cha Batian, nilivua kofia.

Saa nne, Mama Balwinder akatusimamisha chini ya mteremko mweupe. Akachimba shimo kwa koleo, akatuonyesha: juu theluji ngumu, chini yake theluji laini kama sukari, hazijashikana. Akasema, "Basi, jamani. Tunarudi." Kilele kilikuwa kinaonekana.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hapa ni chini ya nyumbani kwetu. Baba yangu angeona aibu." Nikatoka kwenye mstari nikapiga hatua kama thelathini, nimwonyeshe.

Ulisikika mpasuko mmoja tu, kisha ardhi yote ikaondoka nami. Nilipokoma kuporomoka, theluji ilikuwa imenifunga mpaka mabegani, ngumu kama saruji. Mama Balwinder alinifuata humohumo, miaka sitini na miwili, akanichimba huku akiniita kwa jina ili nisilale. Hajanigombeza hata leo. Ananiletea dengu na chapati kila jioni.

Nimekuaibisha, baba.

Mwanao,
Makena

Chogoria
26 Februari

Makena mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama zizini, nikalia mbele ya Mwiti bila kujali.

Jana nilikwenda langoni nikawaambia wapagazi kwamba huyo Mama Balwinder ni kiongozi kunizidi. Kundi liko nyuma, kilele kiko mbele, na mtu anasema turudi! Mimi nimelisema neno hilo mara nne tu maishani, na kila mara liling'ang'ania kooni. Mwambie nimemvulia kofia. Mwambie hapa kwangu ana kaka na ana nyumba.

Hukuniaibisha. Mwenye aibu ni mimi, na sasa nakueleza kwa nini. Siku ile Mwiti hakutafuta urefu peke yake. Alinisomea yote: upepo, theluji, waliokufa. Nilijua, Makena. Wafu wawili nimewashusha mimi kwa machela, mmoja kutoka mahali ambapo hata mtoto angetembea. Mita hazina maana yoyote.

Uliniahidi kulifuata neno langu, na neno lilikuwa jepesi: usiende. Lakini mzee wa mlima, miaka thelathini na moja, amwandikie bintiye kwamba anaogopa? Nilishindwa. Nikafikiri nikiuita kilima utaudharau, utabaki London. Ukaudharau kweli, ukaenda.

Tangu nimzike mama yako, nakuogopea kila siku ya Mungu, na sijawahi kukwambia. Theluji ile ingekufunika uso, ungekufa ukiamini baba yako haogopi kitu.

Baba yako