Kaburi Nililolilima

Gitting, Jumapili baada ya ibada

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imefika na sisi tumeamka salama, namshukuru Mungu. Goti la bibi yako limepungua kuuma, na maharage yamekubali mwaka huu.

Unauliza imani inasaidia nini pale unapokosea kazini na mkubwa wako anataka unyamaze. Nikwambie jambo moja.

Nilipokuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, siku moja nililima kilima kidogo cha udongo nikidhani ni kichuguu. Mama mmoja mzee, wa wafugaji waliokuwa wakiishi pale kabla ya shamba, akaja kusimama mbele ya trekta. Akasema, "Umemlima baba yangu."

Msimamizi alinipigia kelele niendelee. Nilizima injini, nikashuka, nikamwamkia yule mama na kumwomba radhi. Tukarudisha udongo kwa mikono, mimi na yeye, mpaka kaburi likasimama tena. Yaliyonipata kwa msimamizi tuyaache.

Tulipomaliza alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nikafumba macho kushukuru kabla ya kunywa. Yeye hakuwa Mkristo, lakini alisubiri mpaka niliposema amina. Kisha akaniambia, "Huyo unayeongea naye, mtajie na jina la baba yangu."

Akanitajia jina hilo, nami nikalitaja pale pale. Na leo asubuhi kanisani, nilipomaliza kutaja jina lako, nimelitaja tena lile la baba yake yule mama.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.