Kwako Ngazi, Mama Yetu wa Pointi Arobaini na Moja

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kitandani, na hukuamka tena. Watu hutuuliza tunaendeleaje. Tunajibu salama. Ukweli ni kwamba tumekufa ganzi. Tunafua, tunapika, tunaenda kazini, na kwa karibu mwaka mzima machozi ambayo kila mtu anayasubiri hayakuja. Baba hufungua redio saa ya taarifa ya habari, huisikiliza mpaka mwisho, na ukimuuliza wamesema nini, hajui.

Ulifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na tisa. Wenzako wanasema ulikuwa ukiviringisha mashuka machafu na kuyarusha kwenye toroli kutoka upande wa pili wa chumba, juu ya vichwa vyao, na hayakuwahi kuanguka chini. Nyumbani vilevile: soksi, viazi, sabuni, vyote viliruka. Mgonjwa asiye na ndugu ulimchagulia shuka jipya kuliko yote, na msimamizi akiuliza, ulijifanya hujasikia. Hukuwa mtu wa makuu. Mtaani walikuita Ngazi, nasi tukadhani ni kwa sababu ya urefu tu.

Sasa kuna jambo limetukaa kooni. Jioni moja tulikuwa tunatazama mpira wa kikapu kwenye televisheni. Ukasema, taratibu tu, "Mimi niliwahi kufunga pointi arobaini na moja katika mchezo mmoja." Mimi, kifungua mimba wako, nikajibu, "Mama naye! Katika mchezo mmoja au katika maisha yako yote?" Tulicheka wote, kitinda mimba hadi akapaliwa na chai. Wewe pia ulicheka. Kisha ukatoka kwenda kuanua nguo, na hukuutaja tena mchezo ule mpaka unafariki.

Baada ya kukuzika tulitaka kujua kitu kimoja tu: ulisema kweli? Ofisi ya michezo walitupokea vizuri, wakatafuta, wakasema mechi za wanawake za miaka ile hazikuandikwa popote. Mlicheza saa mbili asubuhi, kabla watazamaji hawajafika, na matokeo yalikuwa ya chaki ubaoni. Wanaume wakija, ubao unafutwa. Wahenga walisema chema chajiuza. Labda hawakujaribu kukiuza saa mbili asubuhi.

Mwezi uliopita Baba alikuta picha ndani ya bahasha ya vyeti vyako. Mpiga picha alishindwa na urefu wako, akakukata kichwa. Unaonekana kuanzia mabegani kwenda chini, mpira umeuegemeza kiunoni. Pembeni yako, mzima mzima kuanzia utosini hadi kwenye viatu, amesimama kijana mfupi mwenye filimbi. Tulimjua papo hapo. Ni kinyozi wetu, yule uliyetupeleka kwake tangu utotoni, ambaye siku hizi mwenyewe hana hata cha kunyoa.

Nilimpelekea picha hiyo nikiwa nimekwenda kunyolewa. Alikuwa amefika nusu ya kichwa changu nilipomuuliza kama uliwahi kufunga arobaini na moja. Akazima mashine.

"Arobaini na moja? Hapana, mwanangu."

Nikanyoosha mkono nichukue picha yangu.

"Arobaini na tatu. Ilikuwa fainali. Zimebaki sekunde chache, akafunga kikapu, nami nikapiga filimbi, nikakikataa, nikasema amekanyaga mstari. Hakukanyaga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaogopa kubadili neno langu mbele ya watu. Wakafungwa kwa pointi moja."

"Na yeye alifanyaje, mzee?"

"Wenzake walinijia juu kama nyuki. Yeye akawaambia, 'Mwacheni, ameshaamua.' Basi. Miaka ikapita, nikafungua kibanda hiki, siku moja nikamwona anaingia, amekushika mkono. Nilitamani ardhi ipasuke. Akakukalisha kwenye kiti, akaniambia, 'Mnyoe huyu. Na leo uangalie vizuri.' Akacheka. Hakulitaja tena."

Hapo ndipo nililia, Mama, nusu nimenyolewa, kitambaa shingoni, mbele ya wateja watatu. Yalikuwa machozi yangu ya kwanza ya mwaka mzima. Mzee alisimama kando akasubiri, naye hakuwa na hali nzuri. Nilipowasimulia nyumbani, Baba alisema, "Kumbe." Akazima redio. Halafu akasema, "Na mimi nilicheka siku ile."

Kwa hiyo tunasema mbele ya kila anayesoma hapa: ulifunga zote ulizosema, na mbili zaidi ambazo hukuzidai. Hukutudanganya hata pointi moja. Tuliishi na bingwa ndani ya nyumba, tukamcheka. Tusamehe, Mama.

Unakumbukwa na mume wako, sisi wanao watatu, wajukuu zako wanne, ambao sasa wanarusha kila kitu, dada yako, wakwe zako, wenzako wa chumba cha kufulia, na mwamuzi wa fainali ile, aliyetuomba tumwandikie neno moja tu hapa, kwa kuwa wewe hukuwahi kumlazimisha aliseme: kikapu kile kilikuwa halali.

Tutakukumbuka siku zote, Ngazi wetu.