Kitambaa cha Zambarau cha Katekista Kleofasi Msabaha

“Katekista, mke wangu ukimfundisha kusoma, utamfundishia kitabu gani?”

Ndivyo alivyokuuliza jirani yetu Kitwana, mtani wako, siku darasa la watu wazima lilipoletwa kanisani kwetu. Ukamjibu, “Kitabu cha kilimo, bwana. Ukisikia Mize kabatizwa, basi kabatizwa na mihogo.” Akacheka, lakini alikawia kidogo kumruhusu mkewe.

Mwaka umetimia, Baba Theofili, tangu Mungu akuite kutoka katika kijiji hiki cha ujamaa tulichohamia pamoja, huku upande wa Lugoba.

Tunakumbuka chaki zako. Koti lako la Jumapili halikukosa vumbi lake, na nikigomba ulisema ni majivu ya Kwaresima yamekataa kutoka. Tunakumbuka ulivyowasalimu wagonjwa kabla hujanywa chai, Mkristo na Mwislamu, nyumba kwa nyumba.

Kijijini hapakuwa na jengo jingine lenye bati ila kanisa letu. Lakini akina mama wa Kiislamu waliona vigumu kukaa wameelekea msalaba. Ndipo ukatoa kile kitambaa cha zambarau tunachofunikia msalaba Kwaresima inapokaribia kwisha. Kila alasiri ya darasa uliufunika, na wakishaondoka uliufunua mwenyewe, ukapiga goti.

Mzee Gaspari, mwenyekiti wa kigango, hakupendezwa. “Kwako kila Jumanne ni Kwaresima? Shule za misheni serikali imekwishazichukua, sasa wewe unawapelekea na kanisa?”

“Kaka,” ulimwambia, “Bwana wetu tunamfunika kila mwaka na hapungui kitu. Mama akiweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa ya mwanawe, aliyefunikwa atafurahi.”

Ulijua hofu yake si ya bure. Siku hizo ulikuwa huli ukashiba. Hofu hiyo umeniachia mimi, maana darasa nimelishika mimi, na elimu yangu hii ya shule ya msingi. Nikiendelea, naogopa kesho tutaambiwa kanisa ni ofisi, tukose pa kusalia. Nikiacha, nitakuja kukutazama vipi huko uliko?

Juzi, nikitayarisha misa yako, nilikifua kile kitambaa nikakisahau kambani nyumbani. Akina mama wamekwishaketi, msalaba uko wazi. Mara Mzee Gaspari akaingia na kufuli jipya mkononi.

“Mama Theofili, leo ndio mwisho.”

Sijajibu, Kitwana naye huyo mlangoni, amemletea Mize mtoto anyonye. Akautazama msalaba. Mize akainama, akaanza kukusanya vitu vyake. Nilijua akitoka huyo, wote watatoka, na kufuli halitakuwa na haja ya kungoja.

Kitwana akampa mkewe mtoto. Akavua shuka lake begani, akaninyooshea.

“Shika, shemeji. Marehemu asingesahau.” Kisha akageuka. “Shikamoo, Mzee Gaspari.”

“Marahaba.”

Nikaufunika msalaba. Mize akakaa, akamweka mtoto kifuani, akashika chaki. Mzee Gaspari akalitazama lile shuka, akatoka. Kufuli hakulifunga, wala hakuliacha.

Unakumbukwa na mimi mkeo Perpetua, wanao Theofili na Skolastika, dada yako Adelina wa Msata, wajukuu, na wanafunzi wako wote. Hutatoka mioyoni mwetu tukiwa hai. Misa ya kukuombea ni Jumapili hapa hapa kigangoni, tukikuta mlango u wazi.