Mjomba Aliyetokea Mwisho

Ujerumani, Jumapili mchana

Mdogo wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na za wanao, na kwa wote nasema marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, mwinamie mama kwenye sikio la kulia, lile ambalo bado linasikia, umwambie mwanawe wa kwanza anamwamkia. Kisha uniandikie mguu wake umefikia wapi: anakwenda uani kwa fimbo tu, au bado anashika ukuta? Na vuli je, imenyesha hadi mlimani, au imeishia hapo Bigwa kama mwaka jana?

Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na sasa ninalala na soksi, jambo ambalo zamani ningemcheka mtu akinisimulia. Mama mwenye nyumba, mjane mwenye moyo mzuri, hupika viazi kwa namna nane, na zote nane ni viazi. Kazi ya kufundisha Kiswahili inaendelea vizuri, na mkataba umebakiza mwaka mmoja.

Najua barua hii utaifungua kwa wasiwasi, kwa sababu ile iliyotangulia ilikuwa ya mistari minne. Uliniuliza, mimi mjomba wake Zena, kama Yahaya amwoe mwanao. Nikajibu: "Simjui mtu huyo. Ametoka wapi? Msubiri nirudi." Wazee wa Yahaya wakarudi Kigoma mikono mitupu. Ukaniandikia kwamba Zena hakulia wala hakugomba, aliikunja barua akaenda kuchochea moto. Ukaniambia pia kwamba wazee wale wameahidi kuja tena kabla ya Ramadhani, na kwamba hawatakuja mara ya tatu. Nataka kulizungumza jambo hilo leo, ila nitaanzia mbali kidogo. Unanijua kaka yako: hata nyumbani, mtu akiniuliza saa ngapi, nilikuwa naanza na habari za jua. Nivumilie.

Nina wanafunzi watatu wa Jumamosi. Ulrike ni muuguzi, anataka kuja kufanya kazi kwetu. Bwana Horst ni mstaafu wa reli, rika langu. Jens ni kijana wa chuo, mwenye maneno machache. Miezi kadhaa iliyopita waliniomba tuweke kitabu kando tucheze mchezo wao mmoja, lakini kwa Kiswahili. Unachezwa mezani, ila usidhani ni kama bao. Mmoja anakuwa msimulizi, yeye ndiye anayeijua nchi ya hadithi. Kila mmoja wa wengine anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo, anasema na kutenda kwa niaba yake. Msimulizi anawaambia, "Mmefika mtoni, daraja limechukuliwa na maji, mnafanyaje?" Wao ndio wanaoamua. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, wanarusha dadu, na dadu moja ina pande ishirini. Hadithi moja huweza kuchukua miezi.

Msimulizi nikawa mimi, na nchi nikachagua milima yetu. Ulrike akawa mkunga. Jens akawa dereva wa lori la miwa Turiani. Bwana Horst akawa mchuuzi anayeteremka kutoka mlimani na tenga la kabichi na vitunguu, na hata alipokuwa akifukuzwa na watu wabaya alisimama kuwauzia. Kisa chenyewe kilikuwa cha mjane mmoja mwenye shamba lenye chemchemi. Tajiri wa mjini, mmoja wa hawa waliofungua maduka tangu biashara ziachiwe huru, alitaka kulinunua shamba ajenge hoteli. Wale watatu walikuwa upande wa mjane. Walitafuta mashahidi, wakalala Dumila wakimsubiri karani mmoja aliyekuwa akiwakimbia, wakapanda mlima kwenye matope. Jumamosi kumi na moja walihangaika hivyo.

Jumamosi ya kumi na moja nikaufunga mchezo. Nikasema, "Mlango umefunguliwa, ameingia mzee. Ameomba maji, amekunywa, amesema: shamba liuzwe. Hadithi imekwisha."

Kisha Ulrike akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni mjomba."

"Mjomba wa nani?"

"Wa yule mjane. Kwetu shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mwisho ni la mjomba."

"Na wiki kumi na moja alikuwa wapi?"

"Alikuwapo," nikasema. "Kila mtu ana mjomba."

Bwana Horst akaweka kalamu chini. "Mimi ninaye mmoja, yuko Hamburg," akasema. "Siku akija kuamua habari za nyumba yangu, nitampa kahawa. Halafu nitamwonyesha mlango."

Tulicheka, lakini niliona Ulrike amekasirika kwa dhati. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi. Msikilizaji yeyote wa kwetu angeanza kuuliza habari za mjomba tangu siku ya kwanza, hata kabla mjane hajatajwa jina. Nilidhani jambo linalojulikana na watu wote halihitaji kusemwa, kumbe watu wote niliokuwa nawafikiria wako Uluguru.

Ndipo Jens akazungumza. Aliniambia kwamba wao wachezaji wana utaratibu. Mtu atakayekuja kuwa na uzito mwishoni hupitishwa mapema, tena kwa jambo dogo. Aonekane akinunua kitu sokoni. Jina lake lisikike katika mazungumzo ya wengine. Aonekane siku ambayo hana amri yoyote mkononi. Akija kuingia mlangoni na neno lake, watu waliomo ndani wanasema, "Aa, kumbe ni yeye," na wanajua pa kumshika.

"Kumshika vipi?" nikamuuliza.

"Kumjibu, Mwalimu. Mtu usiyemjua huwezi kumjibu. Unaweza kumtii tu au kumfukuza."

Tukakubaliana kuanza upya, kwa kufupisha, Jumamosi nne, moja kwa kila mwezi. Barua yako kuhusu Yahaya ilinifikia katikati ya hizo nne, nami nikaijibu siku ileile kwa ile mistari minne, bila kuona uhusiano wowote.

Safari hii nilifanya walivyonifundisha. Mwanzoni kabisa, Dumila barabarani, niliweka mzee anayenusa kitunguu kimoja kimoja kisha ananunua kimoja tu. Bwana Horst akamchukia papo hapo, kwa sababu vitunguu vilikuwa vyake. Jumamosi ya pili mjane akasema kwamba hapandi hata mche wa ndizi bila kumwarifu mtu mmoja. Ya tatu, Ulrike alipopita hospitali ya Turiani, nikamwonyesha mzee yuleyule ameketi kwenye benchi, mkewe amelazwa ndani, naye amepakata viatu vya mkewe tangu asubuhi.

Ya nne ilikuwa jana. Mzee akaingia, akaomba maji, akasema neno lilelile: shamba liuzwe.

"Wewe! Wa kitunguu kimoja!" Bwana Horst akapiga meza.

Ulrike hakupiga meza. Alisema taratibu, na kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu kwa sauti ya mzee.

"Mimi nakujua. Nilikuona Turiani umepakata viatu vya mkeo kutwa nzima."

"Ndiyo, ni mimi."

"Sasa leo roho ile umeiacha wapi, mpaka umemsahau mtoto wa dada yako?"

Mwanaidi, mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea yule mzee. Nilikuwa na dadu mkononi, nikaona haya kuirusha. Mzee akasema, "Basi, lisiuzwe," akaomba maji mengine. Wakashangilia kama mpira umeingia golini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani likanijia lile swali la Ulrike la mara ya kwanza, alikuwa wapi huyu. Nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimeuliza hivyo hivyo juu ya Yahaya: ametoka wapi? Leo baada ya sala ya adhuhuri nikafungua kopo la biskuti ninamowekea barua zenu, nikazisoma zote kwa mpangilio, tangu ya mwaka wa kwanza.

Ila hizi mbili za mwisho ulizoandika kwa mkono wako, barua zote wewe unasema, Zena anaandika, na chini kabisa huwa anaongeza mistari yake miwili mitatu. Nakiri kwamba mistari ile nilikuwa naipitia haraka, kama mtu anayeitikia salamu huku anatembea. Sasa nakunakilia.

Mwaka wa kwanza ameandika: "Mjomba, mvua ilitukuta Dumila na magunia ya vitunguu yako nje. Kijana mmoja wa kiwanda cha sukari akatufunikia kwa turubai lake, yeye akalowa."

Mwaka wa pili: "Redio ya bibi inasema tena. Aliyetengeneza ni yule yule wa turubai. Bibi anasema anakula kama mtu anayelima."

Na mwaka jana, mama alipoteleza kule shambani: "Usihofu, bibi yuko hospitali. Yule wa turubai alimbeba mgongoni kutoka juu mpaka barabarani, na njia nzima bibi alikuwa anamwelekeza pa kukanyaga kama vile hajawahi kuona mlima."

Niliisoma barua hiyo wakati ule, na jibu langu nalikumbuka. Niliuliza habari za mguu. Sikuuliza mgongo ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo mtoto huyu hakunificha kitu. Kwa miaka mitatu amekuwa akimleta mtu huyu mbele yangu kidogo kidogo, kwa adabu, akiamini kwamba mjomba wake anafuatilia. Lilipokuja jina Yahaya wa kiwanda cha sukari, nikasema simjui. Na kwa Yahaya, mimi ni nani? Ni mzee aliyeko nchi ya baridi, hajapata kumwona wala kusikia sauti yake, ambaye siku ya posa ametokea kwenye karatasi na neno moja, na wazee wake wamepanda treni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi kwa sababu ya neno hilo.

Sitaki kukudanganya kwamba sina wasiwasi. Unaniambia kiwanda kinasemekana kitauzwa, na kwamba watu wanapunguzwa kazini kwa majina kubandikwa ukutani. Huyu ni mtu wa mbali, hana shamba huko kwetu. Hayo ni maswali, na maswali yaulizwe siku ya kikao, mbele yake, ajibu. Nilipokosea ni kuyageuza maswali kuwa jibu. Mtu anayejua kutengeneza redio na kumbeba mama yangu mteremkoni, sidhani kama atashindwa kujibu habari za kazi.

Basi neno langu ni hili. Wapelekeeni wazee wa Kigoma habari mapema kwamba waje, na kwamba safari hii wataketi na kuulizwa, hawatarudishwa mlangoni. Kwenye kiti changu akae Mzee Salehe, mwana wa mama yetu mdogo. Ana subira, na hasemi kabla hajasikia. Zena mwenyewe aulizwe mbele ya watu, na jibu lake litangulie la kwangu. Akisema ndiyo, mimi nimesema ndiyo. Akisema amechoka kutungoja na hataki tena, hilo nalo nitalipokea, na lawama itakuwa yangu, usimwekee yeye.

Zena mpe karatasi ndogo niliyoikunja peke yake. Nimemwomba radhi humo, na angalau kwa mara hii moja sikueleza sana.

Nisalimie Mzee Salehe na mkewe. Msalimie mumeo, shemeji yangu, umwambie buti za mvua alizoniagiza nimezipata, zitakuja na mtu atakayesafiri mwezi ujao. Wasalimie wadogo zake Zena, yule wa darasa la saba umwambie nataka barua yenye mkono wake mwenyewe. Shangazi wa Kinole mpe pole ya mifupa. Na mama, baada ya kumwamkia, muulize kwa upole anamwonaje yule kijana. Yeye ndiye pekee katika ukoo wetu aliyepata kukaa mgongoni mwake.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine mbili, sikuzitia gundi ili nawe uzisome. Ni za Yahaya. Nimemwandikia mimi ni nani: nimezaliwa wapi, nimesomesha wapi, naudhika na nini, nacheka nini, na kwamba nilimrudisha bila kumsikiliza. Nimempa na anwani yangu ya hapa. Mfikishie kabla ya kikao, apate muda wa kunijua, na akiwa na la kunijibu, anijibu.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Athumani