Bibi Akauliza, Bwana Akajibu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kurekodi kitabu kipya. Kipya kwangu – chenyewe kimenizidi umri. Riwaya ya zamani, kurasa mia mbili na kumi, maktaba inaitaka kwa ajili ya wasioona. Studio yenyewe ilikuwa stoo. Fundi mitambo kagongomelea magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Joto lake! Shati limeloa kabla ya sura ya pili.

Mwandishi huyu ana ugonjwa. Mtu akifungua tu kinywa, lazima aandikiwe: akasema, akauliza, akasaili, akadakia, akamaka. Nimemwambia fundi mitambo nayaruka maneno hayo yote. Miaka thelathini nimesoma redioni, nishindwe kutofautisha sauti ya bwana na ya bibi? Akacheka, binti wa watu, akasema shauri yangu.

Saa saba, ujumbe wa mama watoto: "Umekula?" Yuko kwa dada yake, wiki ya tatu sasa. Aliaga wiki moja, kumuuguza goti. Hata akiwa mbali ananisimamia. Sikujibu.

Jumanne, 4 Machi
Kazi ipo. Kumbe kila rekodi inapimwa na mama mmoja wa maktaba, wanamwita Mama Simu. Alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na miwili, haoni tangu utotoni, na masikio yake hayana mzaha. Kaniambia mbele ya fundi: ukurasa wa kumi wako watu watatu mezani, amepotea, hajui nani anasema nini. Nirudishe maneno ya mwandishi.
Nimenuna. Nimerudia sura mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Leo Mama Simu amenivua nguo. Tulikuwa pale bwana anaporudi nyumbani na bibi anasema, "Umetoka wapi?" Nikamtolea bibi sauti kali, ile ya mke msumbufu. Redioni watu walikuwa wakivunjika mbavu.

Mama Simu akaomba nisimame. Akamwambia fundi mitambo afungue kitabu, asome kilichoandikwa. "Akauliza." Basi? akauliza Mama Simu. Basi, akajibu fundi.

Akasema mwandishi huyu akitaka mtu afoke, anaandika akafoka. Yule karani wa ukurasa uliopita si ameandikiwa akafoka? Hapa kaandika akauliza. Huo ukali nimeutoa wapi?

Nikasema wanawake ndivyo wanavyouliza.

Fundi mitambo akaangalia vidole vyake. Mama Simu hakukasirika, afadhali angekasirika. Akaniambia taratibu kwamba ameunganisha wake na waume maelfu kwenye zile waya zake, na kazi ilimlazimu kusikiliza kama laini imeshika. "Wengi walikuwa wanauliza tu, baba."

Nimerudi nyumbani na kitabu, nikachukua penseli. Bibi akauliza: mara arobaini na moja. Bwana akajibu, akaguna, akaamuru, akajibu tena. Bwana akauliza – mara mbili. Kofia yake iko wapi, na sasa ni saa ngapi.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikafungua simu, nikasoma ujumbe wa wiki tatu zote. Umekula? Dawa ya presha umenywa? Mvua imenyesha huko? Unalala vizuri? Kwenye simu hakuna anayeandika "akafoka". Nilikuwa namwandikia mimi, kichwani. Na majibu yangu: Ndiyo. Sawa. Ndiyo. Swali langu moja: pasi iko wapi.

Usiku wa kuamkia safari yake aliniuliza nina nini naye. Nikamwambia asianze. Alikuwa amekaa kitandani, anakunja nguo. Akaendelea kukunja. Zilikuwa nyingi kwa safari ya wiki moja, na mimi niliziona.

Naogopa hatarudi. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudia "Umetoka wapi?" kwa sauti ya kawaida. Mama Simu akasema sasa huyo ni mtu.
Nimemwandikia mama watoto mara nne. Nimefuta mara nne. Nikatuma: "Nimekula." Hakujibu.

Jumapili, 9 Machi
Saa kumi, ujumbe. "Dada anatembea sasa. Nirudi?"

Nimeusoma nimesimama. Ananipima? Amechoka? Anataka nikatae ili lawama iwe yangu? Nikajikemea: soma kilichoandikwa. Akauliza.

Vidole vikaandika "Sawa". Nikafuta. "Ukitaka". Hiyo mbaya zaidi.

Nikapiga. Akapokea kwa hofu, nani amefariki? Mimi huwa sipigi. Nikamwambia hakuna msiba. Ulimi wangu, uliosoma taarifa za habari miaka yote ile, ukawa mzito. Mwishowe nikamuuliza yeye anataka nini.

Nikadhani laini imekatika. Kisha nikasikia akimwambia dada yake anatoka nje kidogo. Mlango. Akauliza kama nina muda. Ninao. Akasema basi nisimkatize mpaka amalize.

Nikasema sitamkatiza hata kidogo, aseme tu, mimi namsikiliza, asiwe na wasiwasi –

"Umeanza," akasema.

Ndiyo maana naandika. Simu iko mezani, spika wazi, kalamu mkononi, mdomo nimeufunga. Ameanzia mwaka tuliohamia nyumba hii. Dakika ishirini sasa na bado yuko kwenye mwaka ule ule. Mengi sikuyajua. Anasema liko jambo moja ambalo amengoja miaka kumi na tisa nimuulize, na sasa atalisema. Naweka kalamu chini, nimsikilize.